Akili Unde Katika Huduma za Afya: Mashine, Tabibu na Lugha ya Mgonjwa

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza namna akili unde inavyotumika katika huduma za afya, na hasa kubainisha ni mambo gani yanayofanya matumizi hayo yahesabiwe kuwa ya kuwajibika. Yamkini msomaji atajiuliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika uwanja wa matabibu na wahandisi. Swali hilo ni la haki, na jibu langu linaanzia kwenye benchi la kliniki.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu hadi kliniki moja isiyo mbali na kituo cha Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha. Alikuwa na kikohozi cha majuma mawili. Kabla ya kumwona tabibu alipewa karatasi ya kutia sahihi, nayo ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza cha kisheria. Shangazi, ambaye husoma Taifa Leo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi ule wa michezo, aliitazama, akanitazama mimi, kisha akatia sahihi. Ndani ya chumba tabibu alikuwa akiandika kwenye kompyuta, na mara kwa mara alama ya rangi ikawa inachomoza pembeni mwa kioo. Shangazi akauliza, "Daktari, hiyo inasema nini?" Akajibiwa, "Ni kompyuta inanisaidia tu, mama." Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani ndipo nilipomsomea nakala ya ile karatasi. Alikuwa amekubali kwamba maelezo yake yapitishwe kwenye programu ya akili unde. "Kwa hivyo nimeongea na nani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu la maana, na makala haya ni zao la kulitafuta.

Neno kuhusu istilahi kabla ya kuendelea. Dhana hii ina majina kadhaa katika Kiswahili: wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili mnemba, hasa nchini Tanzania, na wapo wanaosema akili unde. Nimechagua la mwisho kwa kuwa linamkumbusha msikilizaji kwamba kitu hiki kimeundwa, na chenye kuundwa kina muundaji wa kuulizwa. Asiyekubaliana nami na aniandikie.

Mashine inajua nini?

Wazo la kuipa mashine kazi ya kumshauri daktari si geni. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani waliunda programu iliyoitwa MYCIN, iliyokusudiwa kupendekeza dawa za maambukizi ya bakteria. Programu hiyo ilifuata mamia ya kanuni zilizoandikwa na binadamu: ukiona hili na lile, basi shuku ugonjwa fulani. Haikupata kutumiwa katika kazi ya kila siku hospitalini, ingawa ilifanya vizuri katika majaribio.

Akili unde ya leo haiandikiwi kanuni namna hiyo, bali hulishwa mifano mingi mno hadi ikatambua ruwaza zenyewe. Ikionyeshwa maelfu ya picha za eksirei za mapafu, nyingine za wagonjwa wa kifua kikuu na nyingine za watu wazima wa afya, hujifunza kuzitofautisha. Mnamo Machi 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za aina hiyo zinaweza kutumiwa kusoma eksirei za uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Msomaji azingatie hicho kipimo cha umri. Programu hazikuidhinishwa kwa watoto wadogo, kwa sababu ushahidi uliokuwapo ulihusu wakubwa. Hapo tayari pana somo la kwanza la uwajibikaji: chombo kilichothibitishwa kwa kundi moja hakijathibitishwa kwa makundi yote.

Ipo pia aina ya pili, ambayo ndiyo iliyozua gumzo kubwa tangu kuzinduliwa kwa ChatGPT mnamo Novemba 2022. Hii hulishwa matini badala ya picha, na hujifunza kukisia ni neno gani linalofaa kufuata jingine. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili linastaajabisha na kutisha kwa wakati mmoja. Inaweza kuandika aya fasaha kuhusu shinikizo la damu. Inaweza vilevile kuandika aya fasaha iliyo uongo mtupu, wala lafudhi ya maandishi yake isibadilike. Sisi tuliofunzwa kuhakiki matini tunajua kwamba ufasaha na ukweli ni vitu viwili. Mgonjwa mwenye homa kali usiku wa manane hana nafasi ya kufanya uhakiki.

Mfano wa hapa Nairobi

Wengi hudhani kwamba mambo haya yanafanyika ng'ambo na kwamba sisi tutayapokea yakiwa yamekwisha chakaa. Kwa hakika mmojawapo wa utafiti mkubwa zaidi wa kuipima akili unde ya lugha katika utabibu halisi, na si katika mitihani ya karatasi, ulifanyika hapa jijini. Penda Health, mtandao wa kliniki za huduma ya msingi, ulishirikiana na kampuni ya OpenAI kupima chombo kiitwacho AI Consult. Utafiti ulifanywa mapema mwaka wa 2025 katika kliniki 15, na ulihusisha ziara 39,849 za wagonjwa. Baadhi ya matabibu walikuwa na chombo hicho na wengine hawakuwa nacho.

Namna chombo kinavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utuvu, maana humo ndimo ulimo uwajibikaji wenyewe. Tabibu humhoji mgonjwa na kuandika kama kawaida. Programu husoma yaliyoandikwa katika hatua mbalimbali: dalili, vipimo, utambuzi wa ugonjwa, dawa. Isipoona tatizo huonyesha rangi ya kijani na kunyamaza. Ikiwa na shauri la kuzingatiwa huonyesha manjano, na tabibu anaweza kulisoma au kuliacha. Ikiona hatari huonyesha nyekundu, na hapo tabibu hulazimika kulisoma onyo kabla ya kuendelea. Hata hivyo, baada ya kulisoma yeye ndiye mwenye uamuzi, anaweza kulikataa. Mtu anaweza kuifananisha na taa za barabarani, ila taa hizi hazimwendeshei mtu gari.

Madaktari wa nje, wasiokuwa wahudumu wa kliniki hizo, walipitia sehemu ya rekodi na kuhesabu makosa. Ilionekana kwamba matabibu wenye chombo walikuwa na upungufu wa asilimia 16 wa makosa ya kutambua ugonjwa, na wa asilimia 13 wa makosa ya matibabu. Takwimu hizi zisisomwe kwa pupa. Maana yake si kwamba wagonjwa 16 kati ya 100 waliokolewa. Maana yake ni kwamba pale ambapo matabibu wasio na chombo wangekosea mara 100 katika kutambua ugonjwa, wenye chombo wangekosea mara 84 hivi. Makosa mengi bado yalibaki. Aidha, wagonjwa wenyewe walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, haikuonekana tofauti ya hakika kitakwimu baina ya makundi mawili. Tena miongoni mwa waandishi wa ripoti walikuwamo watu wa kampuni iliyounda akili unde hiyo na watu wa kliniki zenyewe. Hilo halibatilishi matokeo, lakini msomaji makini hulitia akilini, kama anavyolitia akilini jina la mchapishaji anaposoma dibaji inayokisifu kitabu.

Jambo jingine lililobainika ni kwamba chombo peke yake hakikutosha. Toleo la awali, lililomtaka tabibu aombe shauri mwenyewe, halikutumiwa sana. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni hana muda wa kuuliza. Hata toleo jipya lilihitaji watu wa kuwahimiza na kuwaelekeza wenzao hadi walipoyazingatia maonyo mekundu. Ripoti yenyewe inakiri hivyo: manufaa yalitegemea jinsi chombo kilivyoingizwa katika kazi, na si werevu wake tu. Mtu angeweza kununua programu hiyo hiyo, akaitupa katika zahanati isiyo na vipimo wala dawa, asipate chochote isipokuwa taa nyekundu.

"Mtoto hachezi"

Sasa niingie katika uwanja ninaoujua. Utabibu huanza kwa maneno. Kabla ya kipimo chochote pana mtu anayeeleza anavyojisikia, na anaeleza kwa lugha yake.

Tuchukue mama mjamzito anayeandika ujumbe wa simu: "Mtoto hachezi tangu jana." Mzawa wa lugha hii hahitaji kufafanuliwa. Katika Kiswahili, mtoto aliye tumboni akijigeuza au kupiga teke husemwa kuwa anacheza, na asipocheza ni dalili ya hatari inayotaka mama aende hospitalini mara moja. Lakini mashine iliyolelewa kwa Kiingereza na kutafsiriwa Kiswahili juu juu yaweza kuelewa kwamba kuna mtoto mnyonge asiyependa michezo, ikatoa nasaha kuhusu vitu vya kuchezea. Katika kosa hilo la tafsiri panaweza kupotea uhai.

Ama neno "uchungu". Kamusi zetu hulipa maana ya ladha ya shubiri, ya huzuni, na ya maumivu ya kujifungua. Katika Kiswahili cha Nairobi, hata hivyo, mtu husema anasikia uchungu wa jino au wa mguu, akimaanisha maumivu ya kawaida. Mama mwenye mimba ya miezi saba akiandika kwamba anasikia uchungu tumboni, je, anasema tumbo linamuuma ama anasema leba imeanza kabla ya wakati? Muuguzi mzoefu atamuuliza: uchungu unakuja na kwenda, au umekaa tu? Swali hilo dogo ndilo utaalamu.

Fauka ya hayo, lipo neno "homa". Kwa wengi nchini Tanzania na katika Kiswahili sanifu, homa ni joto la mwili kupanda. Kwa Wakenya wengi, homa ni mafua na kikohozi. Mkazi wa Riruta akisema ana homa, na mashine ikaandika joto kali, huenda ikashauri kipimo cha malaria kwa mtu mwenye pua inayotiririka. Kinyume chake pia kina hatari: Nairobi haina malaria nyingi kwa sababu ya mwinuko wake, lakini mtu aliyerudi juzi kutoka Busia au Siaya akiwa na joto kali anahitaji kupimwa upesi. Chombo kisichojua kuuliza umetoka wapi wiki hii hakijakamilika, hata kama kinajua majina ya dawa zote duniani.

Sitaki ieleweke kwamba hakuna aliyeliona tatizo hili. Jacaranda Health, shirika lenye makao hapa Nairobi, huendesha huduma iitwayo PROMPTS ambapo akina mama hupokea jumbe fupi za simu wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, nao huweza kuuliza maswali bila malipo. Maswali huja kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Sheng, na kwa mchanganyiko ambao hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kuuorodhesha. Programu huyasoma na kuyapanga kulingana na uzito wake, ili lile la damu inayotoka lisisubiri nyuma ya lile la aina ya uji. Wahudumu wa dawati la usaidizi hushika yaliyo ya hatari na kumfuatilia mama hadi afike hospitalini. Mnamo 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, akili unde ya Kiswahili iliyojengwa juu ya msingi wa Llama wa kampuni ya Meta, na kuiweka wazi ili wengine waitumie.

Naona hapa pana funzo kwa idara zetu. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu tafsida katika lugha ya magonjwa, nasi tukaziacha maktabani. Mgonjwa anaposema "ugonjwa wa kisasa", "kwenda haja", "niko mwezini", au "nguvu zimeniisha", anatumia tafsida ambazo ni lazima mashine izitambue. Nani atazikusanya na kuzieleza, kaunti kwa kaunti, kama si wanafunzi wa isimujamii?

Mizani iliyopinda

Huenda mtu akasema kwamba mashine haina chuki wala kabila, na kwa hiyo itatenda haki kuliko binadamu. Mfano maarufu unakanusha dai hilo. Mwaka wa 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumiwa sana nchini Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Ilikadiria mahitaji ya mgonjwa kwa kutazama fedha zilizotumika kumtibu. Lakini Wamarekani weusi, kwa sababu ya umaskini na ubaguzi wa muda mrefu, walitumiwa fedha kidogo kuliko weupe waliougua kiasi kile kile. Basi mashine ikahitimisha kwamba weusi ni wazima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaopewa msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Hebu tulihamishe kosa hilo hadi kwetu. Tukiikabidhi mashine rekodi za hospitali ili ikadirie nani ni mgonjwa sana, itawaona wanaofika hospitalini. Yule wa Kawangware anayenunua vidonge viwili dukani na kurudi kibaruani hamo katika rekodi. Kwa mashine, huyo ni mzima wa afya.

Ridhaa, siri na sheria

Narudi kwenye karatasi ya shangazi. Sheria ya Afya ya 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa hivyo karatasi ya Kiswahili si hisani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo peke yake, ingawa kuna hali zilizoachwa nje ya kanuni hiyo. Maana yake ya kawaida ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuuliza: ni mtu gani aliyeamua?

Wakazi wa Nairobi wamekwisha kuonjeshwa ridhaa isiyo ridhaa. Mwaka wa 2023 watu walipanga foleni katika jumba la KICC, katikati ya jiji, wakapigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mnamo Agosti mwaka huo huo, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Zile hazikuwa data za matibabu, lakini swali ni lile lile: mwenye njaa akikubali, amekubali? Vivyo hivyo mgonjwa. Anayekohoa mbele ya dirisha la kliniki hatakataa kutia sahihi, kwa kuwa anahofu kwamba akikataa hatatibiwa. Ridhaa ya kweli humwambia waziwazi kwamba akikataa mashine, bado atamwona tabibu. Mnamo Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu ya mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani iliyohusu kupeana data za wagonjwa, dalili kwamba suala hili halimalizwi katika chumba cha tabibu pekee.

Mkono wa binadamu

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maadili ya akili unde katika afya, Juni 2021, liliweka mbele kanuni kwamba binadamu abaki na mamlaka ya uamuzi. Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka kuliko kuitimiza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2025 kuhusu madaktari wa Poland wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera ulionyesha kwamba, baada ya akili unde kuingizwa katika vituo vyao, uwezo wao wa kugundua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani walipofanya kazi bila msaada wake ulishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Mwenye mkongojo husahau kutembea. Kwetu, ambako umeme hukatika na mtandao hupotea, tabibu aliyesahau kutembea ni hatari iliyo karibu zaidi.

Isitoshe, tusisahau mikono mingine. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba Wakenya walioajiriwa hapa Nairobi kuchambua matini za ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ifundishwe kuziepuka, walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Baadhi yao walieleza majeraha ya nafsi waliyoyapata. Anayezungumzia uwajibikaji wa chombo cha tiba bila kuwataja walioumia kukitengeneza amesimulia nusu ya hadithi.

Baada ya kusoma haya yote niliitafsiri ile karatasi ya kliniki kwa Kiswahili. Kazi ilinichukua siku tatu, na neno lililonishinda zaidi halikuwa la kitaalamu. Lilikuwa neno la kutaja wale watu wengine ambao data za mgonjwa huenda zikawafikia. Kiingereza kiliwaita "upande wa tatu", kana kwamba ni mechi. Hatimaye niliandika "watu na kampuni usiowajua". Shangazi alipoisoma alisimama hapo hapo, akaniuliza ni akina nani. Nilimpelekea tabibu nakala. Aliisoma yote, akaniomba nyingine, akasema ataionyesha wakubwa wake. Juma lililopita nilipita huko; ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa bado juu ya meza, ila yangu ipo kwenye droo, na huwapa wale wanaouliza.